Ulimwona Huyo Buibui?

Suruali ilikuwa imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango tangu Ijumaa. Jumanne alfajiri umeme ulikuwa umekatika, nikaivaa gizani, na kabla sijafunga mkanda nikahisi kitu kikinichoma pajani kwa ndani, juu kidogo ya goti. Ulikuwa uchungu mdogo lakini mkali, mfano wa pini iliyosahauliwa na fundi kwenye upindo. Niliivua upesi, nikaikung'uta, akaanguka buibui wa kahawia mwenye miguu mirefu, mmoja umekatika. Nikamfunika kwa glasi ya chai.

Shangazi, ambaye tunakaa naye hapa Tanga, alitoka chumbani akimulika kwa simu. Alitazama paja, akatazama glasi, akashika kiuno. "Mwanangu, hapo nyama itaoza. Baba yako mkubwa alianza hivi hivi."

Haikuoza. Baada ya saa moja palikuwa na wekundu wa ukubwa wa sarafu na muwasho kidogo. Jioni maumivu yalikuwa yamekwisha, na siku ya tatu nilipapasa lile doa kwa kidole nisilipate. Lakini maneno ya shangazi hayakunitoka, kwa sababu baba mkubwa nilimuuguza kwa mikono yangu.

Kisa chake kilimtokea miaka sita iliyopita, pajani pia. Aliamka na uvimbe mwekundu uliochongoka katikati, na nyumba nzima tukaafikiana kwamba ni buibui. Hakuna aliyemwona. Tulimpaka majivu, kisha tumbaku iliyotafunwa, kisha dawa ya meno. Siku ya tisa alikuwa anatetemeka kwa homa na mguu umevimba hadi kwenye kinena. Hospitalini walipasua, usaha ukajaa bakuli. Vipimo vilionyesha jipu la bakteria, tena ndani ya mwili wa mtu mwenye kisukari ambacho yeye mwenyewe hakuwa anakijua. Alilazwa majuma matano. Zile siku tisa za majivu na tumbaku zinaniuma mpaka leo, nami ndiye niliyekuwa naitafuna hiyo tumbaku.

Tofauti kati ya paja langu na la baba mkubwa ni moja tu: mimi nilikuwa na buibui chini ya glasi. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyobadilisha yale ambayo madaktari walidhani wanayajua juu ya kuumwa na buibui.

Kisa chenyewe ni cha Australia. Huko yuko buibui wa majumbani wa jamii ya Lampona, mweusi mwembamba mwenye doa jeupe kwenye ncha ya tumbo. Kuanzia miaka ya 1980 alipata sifa ya kutisha. Ilisemwa kwamba akikuuma nyama inakufa, kidonda kinachimba, pengine hata mguu utakatwa. Magazeti yaliandika, madaktari nao wakaandika. Mgonjwa anafika na donda, anasema ni buibui, daktari anaandika buibui kwenye faili, na faili hilo linakuwa ushahidi wa daktari mwingine anayempokea mgonjwa mwingine. Hivyo ndivyo uvumi unavyovaa koti jeupe.

Daktari Geoffrey Isbister na mtaalamu wa buibui Michael Gray wa jumba la makumbusho la Sydney waliamua kuanza upya, kwa sharti gumu. Hawakumhesabu mtu yeyote aliyeamka tu na kidonda. Walimhesabu yule aliyehisi kuumwa, akamwona buibui pale pale, akamkamata, na buibui akafikishwa kwa mtaalamu wa kumtambua. Kisha waliwafuatilia wagonjwa hao mpaka wapone. Walipata watu 750, wakachapisha matokeo mwaka 2002. Katika hao 750, na Australia ni nchi yenye buibui wa kuogopwa kweli, hapakuwa na hata mmoja ambaye nyama yake ilioza. Walioumwa sana walikuwa wachache, na wengi wao waliumwa na buibui mwenye mgongo mwekundu, ambaye sumu yake inajulikana kushambulia mishipa ya fahamu na wala haiozeshi ngozi.

Mwaka uliofuata walimgeukia Lampona peke yake. Watu 130 walioumwa naye kwa uhakika walichunguzwa. Waliumia, waliwashwa, wengine walibaki na kivimbe chekundu kwa siku kadhaa. Vidonda vya kuoza: sifuri. Na ile hali ya suruali yangu ilikuwemo humo, maana wengi wao waliumwa wakiwa ndani ya nyumba, buibui akiwa amebanwa kati ya ngozi na nguo, taulo au shuka.

Niliposoma hayo niliwaza jinsi swali hilo lilivyo rahisi. Ulimwona? Halihitaji darubini wala maabara. Sisi pale nyumbani tungeweza kuuliza siku ya kwanza kabisa.

Ukimtazama buibui mwenyewe utaona kwa nini matokeo yalikuwa hivyo. Mbele ya kinywa ana meno mawili yaliyopinda, yenye tundu karibu na ncha kama sindano, na nyuma yake kuna tezi za sumu. Sumu hiyo ameiumbiwa kwa ajili ya nzi, nondo na mende. Kuitengeneza kunamgharimu chakula na siku kadhaa, kwa hiyo haimwagi ovyo. Hana uwezo wa kutafuna. Humtia windo lake majimaji ya kuyeyusha nyama kisha akafyonza mchuzi. Mtu hafyonzeki. Kwa buibui, mtu aliyelala ni mlima wenye joto unaogeukageuka na kupumua kwa kishindo, mahali pa kukimbia. Anauma akikandamizwa, na akishauma anakimbia. Ukiamka na alama tano, au tatu zilizojipanga mstari mmoja, tafuta kunguni kwenye godoro au mbu ndani ya chandarua, kwa sababu hao ndio wanaokuja kula na kurudia sahani.

Aina za buibui zilizokwisha kupewa majina na wataalamu zimepita 50,000. Karibu wote wana sumu, ila wanaoweza kumdhuru sana binadamu ni kikundi kidogo mno. Wengi tunaoishi nao hawana hata meno ya kupenya ngozi yetu kwa urahisi. Yule wa darini mwenye miguu kama nyuzi, ambaye ukimpulizia anatikisika hadi haonekani vizuri, hana habari nawe. Yule mfupi mwenye manyoya anayeruka ukutani akifukuza nzi anakugeukia kwa sababu ana macho mazuri kuliko karibu wadudu wote wa nyumbani, basi.

Wangu wa kwenye glasi nilimpeleka kwa rafiki anayefundisha biolojia sekondari. Alimtambua kwa utepe wa rangi ya maziwa unaopita mbele ya uso, kama sharubu. Ni Heteropoda venatoria, aliyeelezwa kisayansi na Linnaeus mwaka 1767, buibui msafiri aliyeenea kote kwenye nchi za joto ndani ya mizigo ya meli. Hafumi tandabui la kunasa mawindo, anawinda kwa miguu usiku, na chakula chake kikubwa majumbani ni mende. Akiuma, panauma. Zaidi ya hapo hana la kukufanyia.

Kama yuko buibui duniani anayeitamani damu yetu, basi ni jirani, yuko kandokando ya Ziwa Viktoria, upande wa Kenya na Uganda, na namna anavyoipata inastaajabisha. Anaitwa Evarcha culicivora, ni mdogo, anaishi kwenye majani marefu na kwenye kuta za nyumba. Alipewa jina la kisayansi mwaka 2003. Mwaka 2005 Robert Jackson na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi Mbita kwenye kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, walionyesha kwamba buibui huyu akipewa nafasi ya kuchagua, humchagua mbu jike aliyekwisha shiba damu. Kinywa chake hakiwezi kutoboa ngozi ya mtu, kwa hiyo huchukua damu mahali ilipokwisha tekwa. Jackson na Fiona Cross waliendelea, na mwaka 2011 wakaeleza kwamba hata harufu ya soksi zilizovaliwa inamvuta, maana harufu ya mtu inamwelekeza mahali mbu wanapojaa. Watoto wa buibui huyu wana ujuzi wa kumtambua mbu wa malaria, Anofelesi, kwa namna anavyotua akiwa ameinua tumbo juu. Mtu wa Mbita anayemfagia huyo ukutani anamfagia askari wake mwenyewe.

Basi, ikiwa si buibui, ni nini kinachotuamsha na vidonda? Katika hospitali moja ya California watafiti walikusanya wagonjwa 182 waliofika idara ya dharura wakisema wameumwa na buibui. Matokeo yalitoka mwaka 2011. Walioumwa kweli walikuwa 7. Waliobaki, karibu wote, zaidi ya watu 150, walikuwa na maambukizi ya bakteria kwenye ngozi. Yaani majipu. Ugonjwa wa baba mkubwa.

Bakteria mwenyewe ni yule yule wa siku zote, Staphylococcus aureus, anayeishi puani na kwenye ngozi za watu wengi wazima kabisa bila kuwasumbua. Akipata mlango, pengine mkwaruzo au nywele iliyong'oka, anajichimbia, na jipu la mwanzo lina sura ile ile tunayomsingizia buibui, la moto, jekundu, lenye kichwa katikati. Mwaka 2002 katika jela ya wilaya ya Los Angeles wafungwa walianza kulalamika kwa wingi kwamba buibui wanawauma. Maofisa wa afya walipochunguza walikuta ni bakteria huyo, wa aina isiyosikia dawa nyingi za kawaida, na kwa mwaka huo peke yake waliambukizwa wafungwa zaidi ya 900. Kupulizia dawa ya wadudu kusingemponya mtu. Walichohitaji ni sabuni, nguo safi na dawa inayofaa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, New York, mtoto wa miezi 7 alilazwa na donda mkononi ambalo madaktari mwanzoni walidhani ni la buibui. Lilikuwa kimeta, kutokana na zile barua zenye unga wa vimelea zilizosambazwa Marekani mwaka 2001. Kwetu kimeta hakihitaji barua. Kiko Ngorongoro, kiko kwenye maeneo mengine ya wafugaji, na kinampata aliyechuna au kukata mzoga wa mnyama aliyekufa ghafla. Donda lake lina alama ya kutisha: gamba jeusi katikati, uvimbe pembeni, halafu haliumi. Mchunga ng'ombe akiambiwa ni buibui, anakosa dawa ambayo ingemponya, na nyama ya ule mzoga inaendelea kugawanywa.

Halafu kuna hili la "kukojolewa na buibui." Mtu analala mzima, anaamka kesho yake au keshokutwa ana mstari wa malengelenge shingoni au karibu na jicho, panawaka kama pamemwagiwa maji ya moto. Buibui hakojoi watu. Mara nyingi aliyehusika ni mdudu mwembamba wa jamii ya Paederus, yule anayeitwa nairobi flai ingawa si nzi. Ana kichwa cheusi, kifua cha rangi ya chungwa, mabawa mafupi ya buluu inayong'aa, na ukimtazama haraka utadhani ni siafu. Hung'ang'ania taa nyakati za mvua. Haumi wala hachomi. Damu yake ndiyo yenye sumu iitwayo pederini, na sumu hiyo haikutengenezwa na yeye: mwaka 2002 mkemia Jörn Piel alionyesha kwamba inatokana na bakteria wanaoishi ndani ya mdudu huyo. Unamponda usingizini kwa kiganja, sumu inapakaa, na ngozi inanyamaza kwanza. Malengelenge yanakuja baada ya siku moja au mbili, mdudu alishafagiwa zamani. Unapoinua macho kutafuta mkosaji, aliyebaki kwenye pembe ya dari ni buibui.

Mdudu huyo akitua juu yako mpulize, usimpige. Ukishamponda, osha hapo kwa sabuni na maji mengi mara moja, na mkono uliomponda usiguse macho. Ikiwa malengelenge yamekaa upande mmoja tu wa mwili kama mkanda, na maumivu yalitangulia kabla yake, huo ni mkanda wa jeshi, ugonjwa wa virusi vile vile vya tetekuwanga vilivyolala mwilini. Una dawa, na dawa yake hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya siku tatu.

Sitaki nieleweke kwamba buibui wote hawana neno. Wale wa kahawia wa jamii ya Loxosceles sumu yao kweli inaweza kuua nyama. Wanajulikana zaidi Amerika, ingawa Afrika nayo ina aina zake. Lakini hata hao, sikiliza. Katika nyumba moja ya zamani huko Lenexa, Kansas, familia ya watu wanne ilikamata Loxosceles 2,055 ndani ya miezi sita ya mwaka 2001. Walikuwa wamekaa humo miaka mitano, watoto wakicheza sakafuni. Rick Vetter, aliyeandika habari yao, hakukuta hata mmoja aliyekuwa ameumwa hadi wakati huo.

Kwetu wa kuheshimiwa ni Latrodectus. Yule wa kahawia, L. geometricus, yuko chini ya viti vya uani, ndani ya vyungu vilivyotelekezwa, kwenye pembe za choo cha nje. Pindua kiti utaona alama ya rangi ya chungwa chini ya tumbo lake, yenye umbo la ngoma iliyobanwa kiunoni, na mifuko ya mayai iliyojaa vichomo kama mbegu za mbigili. Ana jamaa zake weusi, wakali zaidi. Sumu yao inafanya ncha za mishipa ya fahamu zimwage kwa pamoja ujumbe zilioutunza, hivyo maumivu hayatulii pale ulipoumwa. Yanapanda ndani ya saa moja au mbili, jasho linatoka, misuli ya tumbo na mgongo inakakamaa. Wengi hawafiki huko, na kufa ni nadra sana, lakini ukiona dalili hizo nenda hospitali, hasa aliyeumwa akiwa mtoto mdogo, mzee au mjamzito. Tiba kubwa ni dawa nzuri za maumivu. Isbister na wenzake waliwajaribu wagonjwa 224 wa Australia walioumwa na yule mwenye mgongo mwekundu, naye wa jamii hiyo hiyo, na mwaka 2014 wakaripoti kwamba kuongeza dawa ya kupinga sumu juu ya hizo za maumivu hakukuleta nafuu ya kuonekana.

Kwa kuumwa kwa kawaida, kama kwangu, fanya machache. Osha kwa maji na sabuni. Weka kitambaa kilicholowa maji baridi. Usichanje, usinyonye, usipake majivu wala tumbaku, kwa sababu kila kimoja katika hivyo kinafungua mlango kwa bakteria, na pepopunda nayo inapitia humo humo. Buibui mtie kwenye chupa au mfunge kwenye karatasi hata kama amepondeka, aonwe na anayejua. Kisha chora mstari kwa kalamu kuzunguka wekundu, uandike na saa. Wekundu unaosinyaa siku ya pili ni wa kuachwa. Unaovuka mstari, au unaotunga usaha, au unaokuja na homa, hausubiri siku ya tisa. Na kama kila mwezi unatokwa na jipu jipya, mwombe daktari akupime sukari.

Siku hizi baba mkubwa ana kioo kidogo cha kunyolea ambacho hanyolei. Kila jioni baada ya swala ya Isha anakiweka sakafuni na kupitisha nyayo zake juu yake, moja baada ya nyingine, kwa kuwa kisukari kimempunguzia hisia za miguu na anaweza kukanyaga msumari asijue. Mwezi uliopita aliona alama nyekundu kwenye kisigino. Alimtuma mjukuu alete kalamu.